Barua ya wazi kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza: wapeni wazee vipimo vyao vya kwenye wingu

Wakuu wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, pamoja na nyie wa Aldermaston, kituo chenu cha silaha za nyuklia, mliokalia mafaili ya mabomu, salamu sana, na kwa wale mlionizidi umri shikamooni.

Naenda kwenye pointi moja kwa moja maana najua mna kazi nyingi. Kuna wazee, wengi wameshatangulia mbele za haki na waliobaki wana umri wa miaka 80 na 90 na kitu, ambao kwenye majaribio yenu ya mabomu ya miaka ya 1950 mliwapandisha kwenye ndege mkawaambia wapite katikati ya wingu la bomu la nyuklia, na wenzao mkawapa kazi ya kuziosha zile ndege zikirudi. Mliwapima. Sio wote, ila mliwapima, kuna waliovaa beji na kuna waliotolewa damu na mkojo. Ninachoomba ni kwamba hivyo vipimo wapewe wenyewe, na wale ambao hamkuwapima muandike wazi kabisa kwamba hamkuwapima. Hilo tu. Mengine yote hapa chini ni maelezo ya kwanini nimeshika kalamu.

Mimi napiga picha za eksirei kwenye hospitali ya serikali huku mkoani Tanzania. Nikiwa kazini nabana beji kifuani, ile ya TLD, kidude kidogo cha plastiki chenye vipande vya kristali ndani, alafu kila baada ya miezi kadhaa zinakusanywa zinaenda Arusha kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, kule wanazipasha moto zile kristali zinatoa mwanga, mwanga ukiwa mwingi ujue umekula mionzi mingi. Majibu yanarudi kwenye karatasi, jina lako, namba ya beji na dozi kwa milisiveti. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka na sisi wa eksirei za kawaida tunakuwa chini kabisa huko, yaani karatasi yenyewe haina hata raha ya kuisoma, ila majibu yakichelewa pale idarani watu wanaanza kuulizana, vipi, zetu bado? Na sijawahi kusikia bosi akisema hiyo namba ni siri ya serikali. Ni yangu, imetoka kifuani kwangu.

Sasa tuihamishe hiyo beji tuipeleke Emu Field, jangwani Australia Kusini, tarehe 15 Oktoba 1953. Siku hiyo mlilipua Totem 1, bomu la kama kilotani 10, yaani nguvu ya tani 10,000 za baruti, lililowekwa juu ya mnara. Dakika 6 baada ya mlipuko ndege ya kijeshi aina ya Canberra ikaingia kwenye wingu. Ndani yumo Geoffrey Dhenin anaendesha, yupo Anderson wa kuongoza njia na yupo Denis Wilson, na operesheni yenyewe mliiita Hot Box, kazi yake ilikuwa kujua mtu akipita humo anakula mionzi kiasi gani. Huyu Dhenin sio kwamba alikuwa rubani tu aliyetumwa hajui kitu, alikuwa daktari, na kwenye vita kuu ya pili alishapewa medali ya George kwa kumtoa mwenzake kwenye ndege inayowaka moto. Alijua anaingia wapi. Beji zilikuwepo, vifaa vilikuwepo, na matokeo yaliandikwa. Hot Box sina ugomvi nayo sana kwasababu pale angalau watu walipanda ndege wakijua wanapimwa na wanapimwa nini.

Kwa wasomaji wengine ambao mambo haya ni mapya niseme kwanini hizo dakika 6 ni habari kubwa. Vumbi la bomu likiwa bichi linatema mionzi mikali mno ila ukali unashuka haraka, na kuna kanuni ya mkono ambayo watu wa fani tunafundishwa, kwamba muda ukizidishwa mara 7 ukali unabaki kama sehemu 1 ya 10. Kwahiyo kilichopo dakika ya 6, ukisubiri mpaka dakika ya 42 kimebaki sehemu ya kumi, na ukisubiri karibu masaa 5 kimebaki sehemu ya mia. Ndo maana rubani aliyeingia mapema na aliyeingia baada ya saa zima huwezi kuwaweka kapu moja hata kama ni wingu lilelile, na ukitaka leo kumkadiria mzee dozi yake bila kujua aliingia dakika ya ngapi, alikaa humo sekunde ngapi na mita ya mbele yake ilisoma nini, hapo hupimi, unapiga ramli. Hizo saa zinaandikwa kwenye logi za ndege. Kwahiyo ninaposema vipimo simaanishi beji peke yake, namaanisha na logi.

Turudi Totem. Wakati nyie mnampeleka daktari-rubani na beji zake, kulikuwa na ndege nyingine, Lincoln za jeshi la anga la Australia, kazi yao kulifuata wingu na kuchukua sampuli. Wale vijana wa Lincoln walipaa bila beji. Bila nguo za kujikinga. Hakuna aliyekaa nao akawaeleza vizuri wanaingia kwenye nini. Ndege zikarudi zimechafuka na mionzi, ikabidi baadae ziwekwe pembeni na kuoshwa, na hapo katikati mafundi walikuwa wameshazipanda kwa mikono yao mitupu kama ndege nyingine yoyote. Haya sio maneno ya vijiweni, yalitoka kwenye tume ya kifalme ya Australia chini ya James McClelland, 1984 mpaka 1985, nyie wenyewe mlipeleka mawakili wenu kule. Mradi mmoja, mwezi mmoja, jangwa moja, huku mnapima hatari ya wingu kwa umakini wa kidaktari na kule mnapeleka watu kwenye wingu hilohilo kana kwamba wanaenda kuangalia mvua.

Alafu lile wingu halikuishia kwa marubani. Wenyeji wa Wallatinna walisema liliwapitia ukungu mweusi, Yami Lester alikuwa mtoto kule, akaja kupoteza macho yake na ndo huyo aliyewahangaisha miaka hiyo mpaka tume ikaundwa. Tume ilikubali kwamba Totem 1 ililipuliwa kwenye upepo ambao haukufaa. Wao nani aliwapa beji? Hili linahitaji barua yake peke yake, nisije nikachanganya madesa.

Naomba niongee kidogo kifundi hapa, maana naona hata kwenye magazeti yenu watu wanaandika kama vile hatari yote iko zile dakika chache ndani ya wingu. Ukiwa ndani ya wingu unapigwa na mionzi ya gama kutoka kila upande, bodi ya ndege ni bati jepesi halizuii kitu. Ukitoka, mita inashuka, unapumua, ila haishuki mpaka chini, kwasababu vumbi limeganda kwenye ndege yenyewe, kwenye makali ya mbele ya mbawa, kwenye mdomo wa injini, kwenye vichwa vya ribeti, popote palipo na oili au grisi ndo linanasa zaidi. Kwahiyo rubani anarudi nyumbani amekalia chanzo cha mionzi njia nzima. Akitua, ndege anakabidhiwa fundi. Na fundi ndo mtu ninayemfikiria mimi zaidi kuliko rubani, maana rubani ana medali na picha ukutani, fundi ana ndoo, brashi na maji ya sabuni yanayomrukia usoni chini ya jua la Pasifiki. Mionzi ya beta ya lile vumbi ni ya karibu, inachoma ngozi ya mkono, na beji iliyoko kifuani haioni mkono uliposhika. Na kilichovutwa puani au kumezwa na mate, hapo beji ndo haina habari kabisa, unahitaji mkojo, unahitaji damu, na uvipate mapema. Mtu yeyote aliyewahi kuvaa beji kazini anajua inaona wapi na haioni wapi, sasa nyie mkisimama mnasema beji zilionyesha dozi ndogo basi mambo yalikuwa shwari, mnatuambia nusu ya habari.

Wamarekani nao walipitia hukohuko, tena walianza vizuri kuliko nyie. Kwenye majaribio ya kisiwa cha Bikini 1946 walituma ndege za B-17 zisizo na mtu, zinaendeshwa kwa redio. Mwaka 1948 kwenye majaribio yao mengine, Operesheni Sandstone, kukatokea bahati mbaya, ndege ya Luteni Kanali Paul Fackler ikaingia kwenye wingu bila kupanga, wakatoka wazima, hakuna aliyeanguka wala kutapika, basi wakubwa wakaona kumbe inawezekana, tupeleke watu. Hivi mmeona hoja ilivyojengwa? Mtu katoka hajaanguka, basi ni salama. Kwenye fani yangu mtu anayekula mionzi ya kumletea kansa ya damu baada ya miaka 10 naye anatoka chumbani anatembea vizuri tu, anakuaga na kwaheri.

Kule Nevada 1953 wakapeleka panya na nyani kwenye ndege zisizo na rubani zipite kwenye wingu, baadae wakaja binadamu. Na ipo moja ambayo nikimsimulia mtu pale idarani anadhani natunga, lakini imo kwenye ripoti ya tume ya majaribio ya mionzi kwa binadamu ambayo Rais Clinton aliiunda 1994. Jeshi la anga lilitaka kujua kama dozi ya ndani ya mwili ni sawa na ya nje, sasa utawekaje beji tumboni? Wakachukua kipande cha filamu, wakakiweka kwenye kidonge kisichopitisha maji, rubani akakimeza, kimefungwa uzi, na ncha ya uzi ameishika mdomoni. Anaingia kwenye wingu la bomu la atomiki na uzi kati ya meno. Akitua, wanavuta. Mimi hiyo picha haijanitoka kichwani tangu nisome, na kinachonisumbua wala sio ukatili, kinachonisumbua ni ule ubunifu. Watu wenye akili ya kufikiria kidonge na uzi leo waniambie hawana akili ya kutunza karatasi ya majibu?

Na kama mnadhani naongeza chumvi kuhusu umakini wao, angalieni bomu lao la Ivy Mike, tarehe 1 Novemba 1952 kule kisiwa cha Enewetak kwenye Pasifiki, megatani 10 na ushee, yaani tani milioni 10 na ushee za baruti. Ndege za F-84 zikaingia pembezoni mwa wingu zikiwa na karatasi za chujio kwenye mbawa. Rubani mmoja, Jimmy Robinson, ndege yake ilizunguka ikapoteza mwelekeo, akaidhibiti, ila vifaa vya kumrudisha vikawa havishiki vizuri, mafuta yakaisha akaanguka baharini karibu kabisa na kisiwa, na mwili wake haukupatikana mpaka leo. Zile karatasi za wenzake zilifika. Zikatolewa kwa koleo refu, zikawekwa kwenye kasha la madini ya risasi yanayozuia mionzi, zikasafirishwa haraka mpaka maabara, na humo kwenye vumbi lililonasa wanasayansi wakakuta elementi mbili ambazo dunia ilikuwa haijawahi kuziona, namba 99 na namba 100, leo zinaitwa einsteini na femi. Walizitambua kwa atomu chache mno, atomu wakuu, sio gramu. Karatasi ilipimwa mpaka atomu zikahesabiwa. Na marubani walishushwa kwa foklifti ili wasiguse ubavu wa ndege. Yaani ujuzi wa kupima ulikuwepo tangu siku ya kwanza, kilichokosekana ni nia ya kumhesabu mtu kwa umakini ule uliotumika kuhesabu chujio.

Sasa kwenu, Operesheni Grapple, ile ya mabomu yenu ya Pasifiki. Kati ya 1952 na 1958 mlilipua mabomu makubwa 21, 12 Australia na 9 Pasifiki, kwenye visiwa vya Malden na Christmas ambavyo leo viko nchi ya Kiribati. Watumishi zaidi ya 20,000 walipita kwenye hizo operesheni. Grapple Y peke yake, tarehe 28 Aprili 1958, ilikuwa kama megatani 3, kubwa kuliko zote mlizowahi kulipua. Na kila mlipuko wa Grapple Canberra za Skwadroni ya 76 zinapanda kwenda kukata wingu na kurudi na sampuli, kwasababu bila sampuli hamjui bomu lenu limefanya kazi vipi. Hilo nalielewa, wingu ndo ripoti ya bomu. Sasa wale waliokwenda kuileta hiyo ripoti, ripoti zao wao ziko wapi?

Mwaka 2022 ilijulikana kuna memo ya 1958 inayozungumzia kasoro kubwa kwenye damu ya rubani mmoja aliyeongoza ndege za sampuli kule Christmas. Familia yake ikaisoma miaka zaidi ya 60 baadae. Hapo kabla wazee walikuwa wanasema kila siku, jamani sisi tulitolewa damu, tulikojoa kwenye chupa, na wanaangaliwa kama wazee wanaochanganya mambo. Ukisema mtu alitolewa damu kwa utaratibu na kuna barua ya wanasayansi wanajadiliana hiyo damu, basi kuna daftari la hizo damu. Mimi nafanya kazi hospitali, hakuna damu inayotolewa bila namba. Najua kuna hifadhidata ya Aldermaston inayoitwa Merlin ambayo mmeanza kuifungua, na nasema asante kwa hilo, kwa dhati. Ila kuifungua isiwe na maana ya kumpa mzee wa miaka 88 lundo la mafaili yaliyoskaniwa vibaya kwenye mtandao ajitafutie jina lake humo. Mtafuteni nyie. Namba zao za jeshi mnazo.

Kuna hili la sifuri, na hili naomba mlisome taratibu. Wengi wa wale 20,000 hawakuvaa beji kabisa. Mafundi, wapishi, mabaharia, wale vijana kama 300 wa Fiji, mabaharia wa New Zealand. Mtu asiye na beji hana dozi iliyoandikwa, na mtu asiye na dozi iliyoandikwa akienda kudai anaonekana hakupata kitu. Ni sawa na mwenye duka aliyepoteza daftari la madeni alafu anatangaza mtaani hakuna anayemdai na hakuna anayedaiwa. Kwetu kazini beji ikipotea hatuandiki 0. Tunaandika imepotea, sababu inaandikwa, na dozi inakadiriwa kwa kuangalia mtu alifanya nini kipindi kile na wenzake walipata ngapi. Filamu za zamani zile zilikuwa na matatizo yao pia, joto na unyevu wa bahari vinaziharibu, zinakuwa nyeusi bila mionzi au msomaji anashindwa kuzisoma. Kwahiyo kwenye faili la mtu kuna hali kama nne hivi, alipimwa akapata kitu, alipimwa hakupata, alipimwa kipimo kikaharibika, hakupimwa. Nyie mnazikoroga hizi zote zinatoka kwenye bomba moja. Zitenganisheni.

Nisieleweke vibaya, sijasema kila kansa ya kila mzee imetoka kwenye wingu. Naheshimu takwimu. Tafiti za taasisi yenu ya kinga ya mionzi, kuanzia 1988 mpaka ile ya 2003, zililinganisha wale wanajeshi na wenzao ambao hawakwenda, na kwa ujumla vifo havikutofautiana sana, isipokuwa kulikuwa na dalili fulani kwenye kansa ya damu. Sawa, ni kazi halali, waliifanya watu wanaojua. Ila ukichanganya rubani wa Canberra na karani aliyekaa maili 20 kutoka kwenye mlipuko, kwenye kundi moja la watu 20,000, yule wa wingu atapotea humo ndani kama hayupo. Wa New Zealand walikwenda njia nyingine, chuo kikuu cha Massey kilichukua mabaharia 49 waliokuwa Grapple na watu wengine 50 wa kulinganisha, wakaangalia kromosomu kwenye damu, kovu zile ambazo mionzi inaacha na hazifutiki, na za mabaharia zilikuwa karibu mara 3. Hiyo ni kusema mwili wenyewe unatunza beji, hata pale mwenye mamlaka hakutoa. Ila ni kundi dogo, na ndo maana tunahitaji rekodi zenu za wakati ule, zikae pamoja na damu ya leo.

Mahakama yenu ya juu mwezi Machi 2012 iliwakatalia wazee, majaji 4 kwa 3, kwamba wamechelewa kufungua kesi. Na kwenye kubishana kote kule shida kubwa ya wazee ilikuwa ushahidi, mthibitishe dozi. Wathibitishe na nini jamani? Aliyeshika kipimo ni mdaiwa.

Hapa ndo mnaponiona na mimi Mswahili nimeingia. Sisi huku ukanda wetu tunawajua kwenye mambo ya mafaili. Wazee wa Mau Mau wa Kenya walivyowapeleka mahakamani London mlisema hakuna nyaraka, mpaka 2011 ikabainika kuna mafaili karibu 8,800 kutoka makoloni 37 yamefichwa kwenye ghala la serikali yenu pale Hanslope Park, yapo salama kabisa hayana hata mchwa. Juni 2013 mkawalipa wale wazee 5,228, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama, na William Hague, waziri wenu wa mambo ya nje wakati huo, akasimama bungeni kusema serikali inasikitika. Kwahiyo mkisema kwenye hili la wingu kwamba tumetafuta hatujaona, mtusamehe, tuna uzoefu. Na Desemba 2018 mliondoa mafaili ya majaribio ya nyuklia kwenye Hifadhi ya Taifa pale Kew, mafaili ambayo yalishakuwa wazi kwa watu kusoma, yakaondolewa yakaguliwe upya. Faili likishasomwa na watu miaka yote hiyo linakaguliwa nini?

Marekani na mabaya yao yote wana sheria tangu 1990, aliyeshiriki majaribio ya angani na akapata moja ya magonjwa yaliyotajwa kwenye orodha alilipwa dola 75,000, hakuulizwa thibitisha dozi yako. Walikubali kwamba rekodi ni mbovu na ubovu huo sio kosa la askari. Fiji, nchi ndogo kabisa, mwaka 2015 waliamua kuwalipa wazee wao wenyewe bila kuwasubiri nyie, wakasema hawa wanakufa. Nyie Novemba 2022 mkatangaza medali. Medali ni nzuri, nimeona picha wazee wanalia wakivishwa na mimi nilifurahi nao. Lakini medali haisomi damu. Mjukuu akiwa hospitali anaulizwa kwenye familia yenu kuna historia gani ya mionzi hawezi kumwonyesha daktari medali.

Kitu kingine ambacho nadhani wengi wenu hamkijui. Hapa Dar es Salaam kuna kituo cha mtandao wa kimataifa wa kukamata majaribio ya nyuklia, RN64, kimoja kati ya vituo 80 vya aina hiyo duniani. Kazi yake ni ileile ya Canberra. Kinavuta hewa kupitia chujio masaa 24, chujio linaachwa masaa 24 lipoe, linapimwa gama masaa 24, data inakwenda Vienna na nchi wanachama wanaiona. Hakuna rubani, hakuna wa kumeza kidonge, na hakuna anayesema data ya chujio la Dar es Salaam ni siri, hata nyie Waingereza mnaisoma mkitaka. Hewa ya kwetu mnaruhusiwa kuisoma, damu ya mzee wenu mwenyewe haruhusiwi?

Basi nimalize kwa kuomba kwa utaratibu. Kila aliye hai apewe faili lake, beji, damu, mkojo, na kila safari ya ndege aliyopanda au ndege aliyoosha, saa ya kuingia kwenye wingu na usomaji wa mita. Aliyefariki apewe mjane au mtoto, bila kuambiwa alete barua ya mirathi kutoka mahakama ya miaka ile. Panapokosekana kipimo paandikwe hakupimwa, na aliyefanya uamuzi wa kutompima atajwe cheo chake. Wa Fiji, wa New Zealand, wa Australia na watu wa Kiribati waliokuwa wanaishi pale Christmas wasiachwe nje kwa kisingizio kwamba sio raia wenu, bomu halikuuliza pasipoti. Na mtu wa mionzi, daktari au mpimaji, akae na kila familia awafafanulie zile namba kwa lugha ya kawaida, kwasababu rem na rontgeni, vipimo vya mionzi vya zamani vya 1958, kwa mtu wa kawaida ni kama maandishi ya mganga, na mtu anaweza akaogopa namba ndogo akapuuza kubwa.

Hii kazi haihitaji bajeti ya kutisha wala bunge kukesha. Inahitaji makarani, mashine ya kuskani na ruhusa ya mtu mmoja mwenye mhuri. Mkianza sasa wapo watakaosoma wakiwa bado wanaona. Na tafadhali mkituma msitume zile kurasa zilizopakwa wino mweusi mstari kwa mstari mpaka linabaki jina na tarehe.

Ni mimi,
mpiga picha za eksirei, Tanzania